Mzee Asiyepangusa Miguu

Mlangoni kwa jirani yangu palikuwa na jiwe bapa la kupangusia tope, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za huku mlimani, ambako mvua ikianza haijui kuondoka. Kila mtu alilitumia jiwe lile isipokuwa mwenye nyumba. Yeye alilivuka tu. Aliingia na tope lake mpaka ndani, akaketi, akanyoosha miguu karibu na moto, tope likakauka na kudondoka vipande vipande kwenye sakafu ambayo mkewe ameisiriba asubuhi ile ile. Mama wa watu alishika ufagio huku akisema. Alisema miaka yote. Mzee alimjibu neno moja, "Nitapangusa," na hakupangusa.

Msidhani alikuwa mchafu. Kibuyu chake cha maziwa alikifukiza kwa moshi mwenyewe, na ukimpa kikombe alikinusa kwanza, tena mbele yako, bila haya. Shuka lake lilikuwa jeupe kuliko la mwalimu wa misheni. Ila miguu ndiyo ilikuwa hivyo, na mgeni akiitazama sana, mzee naye alimtazama mgeni mpaka aone aibu.

Sisi tulimwita Mzee wa Mfereji, kwa kuwa ndiye aliyegawa maji. Mfereji wetu unatoka juu msituni, unapita kwenye migomba yetu, kisha unateremka hadi mashamba ya chini, upande wa kwenda Lemara. Yeye alipanga nani afungue leo na nani kesho, na neno lake halikuwa na rufaa. Baba mkwe wangu alijaribu siku moja kumlainisha. Alimpelekea asali, ile nyeupe ya msituni, akaanza kuzunguka na maneno kwamba mahindi yake yanaungua. Mzee aliila asali mpaka akalamba vidole.

"Asali ni tamu, baba, asante sana," akasema. "Zamu yako ni Alhamisi."

Kwenye maji alikuwa na haki. Kwenye mengine alikuwa na kinyongo, na mimi siwezi kumsingizia upole marehemu wa watu. Kuna mtu aliwahi kumtania mke wa mzee penye pombe, akasema tumbo lake ni shamba la mawe. Watu walicheka. Mzee aliinama, akanywa, hakujibu. Mwaka uliofuata yule mtu alikuwa anamwoza binti yake, na kila jirani akapeleka kibuyu cha pombe ya mbege. Mzee wa Mfereji alipeleka kikubwa kuliko vyote, kimevishwa majani ya mgomba vizuri, kikawekwa mbele ya wakwe. Walipomimina, yakatoka maji ya mfereji.

"Siku ile sikuwa na jibu," mzee akamwambia mwenye sherehe. "Leo nimelipata." Akaondoka zake na tope lake miguuni.

Msemo wake alioupenda ulikuwa ule wa mtenda na mtendwa, lakini hakuusema wote. Alisema "Mtenda husahau," akanyamaza, akakuachia nusu ya pili uimalizie mwenyewe. Mimi niliimalizia mara nyingi, maana nami si mwepesi wa kusamehe, ijapokuwa nimebatizwa. Nilikua katika miaka ya mawe, na mawe yale hayakuruka nyumba yetu.

Mawe yenyewe ni haya. Wajerumani walipotaka kujenga boma lao, wanaume wa mlimani walikamatwa wakabebeshwa mawe. Msimamizi wa wabebaji alikuwa Mjerumani mmoja kijana, mwenye viatu virefu, na watu walimwita Bwana wa Mawe. Siku moja kundi la huku kwetu lilichelewa kwa sababu mfereji ulikuwa umebomoka na ilibidi wauzibe kwanza, la sivyo migomba yote ingekufa. Mkubwa wa kundi alikuwa kaka yake mzee, tumbo moja. Akajua amekosa. Akafanya anachofanya mtu aliyekosa: akakata jani la isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu hata kwa damu, ukamwendea na jani lile na kupiga magoti, akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni jambo zito ambalo mtu hulifanya akijua ukoo mzima utamwuliza. Na aliyeshika isale hapigwi. Hata mtoto mdogo wa huku anajua.

Kaka mtu alimwendea Bwana wa Mawe mtoni, akapiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Mjerumani alilichukua. Waliokuwapo walianza kupumua. Kisha akainua mguu wake, akapangusa tope la kiatu kwa jani lile, mguu huu, na mguu huu, akalitupa majini. Halafu akaamuru hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kiboko kilipigwa mpaka kikapita idadi yake, na kaka mtu alibebwa nyumbani akafa kabla ndizi zilizokuwa mgombani hazijaiva.

Mzee alikuwa pale mtoni, na jiwe kichwani. Aliliona jani likienda na maji. Kuanzia siku hiyo hakupangusa tena tope. Mkewe ndiye aliyeniambia sababu, nilipokuwa nimeanza kumcheka mzee kwa sauti. "Amesema atapangusa siku atakapomaliza na yule mtu," akaniambia. "Kwa hiyo nyamaza, na mimi niache nifagie."

Sasa niwaambie kilichonishinda kumwelewa. Bwana wa Mawe alipochoka na mawe alipewa shamba kule chini, akalima katani na kahawa, na maji ya shamba lake yalikuwa yanatoka kwenye mfereji huu huu. Kila wiki zamu yake ilifika, na kila wiki mzee alimfungulia. Hakumpunguzia hata kiganja. Vijana tulimwambia, "Mfungie, mzee, shamba lisinyae." Alituona wapumbavu.

"Maji si yangu," akasema. "Mimi ni mlinzi wake tu. Nikianza kuyafanya fimbo, kesho nitakupigia wewe."

Mjerumani mwenyewe alipita hapo mara nyingi akikagua maji yake, na hakuwahi kumtambua. Nani hutazama uso wa mbeba jiwe? Mzee alisimama kando na jembe lake, na sime kiunoni, sime ambayo aliipaka mafuta kila jioni na hakuwahi kuikatia hata jani la ndizi.

Kilichoshika mkono wake ni neno moja, nami ndiye niliyempa. Nilimwambia, "Mzee, labda yule mzungu hakujua. Kwao hakuna isale. Aliona jani tu." Alilifikiri neno lile siku nyingi, kisha akalikubali shingo upande.

"Ng'ombe akikanyaga kaburi, humpeleki barazani," akasema. "Kama hakujua, basi ni ng'ombe. Nitamvumilia kama ng'ombe. Lakini kama alijua, nitamkata."

"Si umwulize?"

"Aliyekosa ndiye anayetembea. Atakuja yeye."

Hapo ndipo mambo yalipokaa miaka mingi, mpaka tukaenda Tanga.

Tulikuwa tumepewa kazi ya kuswaga ng'ombe wa mnunuzi mmoja hadi Moshi, na kutoka pale kuwasindikiza kwa gari moshi mpaka pwani. Mzee alikubali kwa sababu alitaka kuona mahali maji yote yanapokwenda. Aliiona bahari, akaionja, akatema. "Mfereji uliokosa mlinzi," akasema, na bahari ikawa imekwisha kwake.

Kabla ya kurudi, karani mmoja wa bohari, Mswahili wa pale pale Tanga aliyetupokelea ng'ombe, akatuambia kuna sinema. Mgiriki mmoja alikuwa anazunguka na mashine yake, ameazima bohari la katani, na siku hiyo alikuwa na picha ya vita vya kale. Wazungu wote wa mji walikuwa wanakwenda. Sisi tungeingia kwa mlango wa nyuma.

Nao mlango wa nyuma ulikuwa nyuma kweli. Shuka kubwa jeupe lilitandazwa katikati ya bohari. Mbele yake Wazungu walikaa kwenye viti, nyuma yao Wahindi na Wagoa. Sisi weusi tuliwekwa upande wa pili wa shuka, juu ya marobota ya katani, tukaitazama picha kwa mgongoni. Vijana wa Mgiriki walilimwagia shuka maji ili mwanga upenye kutufikia. Basi kila kitu kwetu kilikuwa kinyume, maandishi yametazama huko, na askari wote wameshika panga mkono wa kushoto.

"Jeshi zima la mashoto," mzee akaninong'oneza. "Hawa watashindwa."

Nilidhani ataogopa, au atalala. Wapi. Picha haikuwa na sauti, ila kinanda kilichopigwa upande wa Wazungu, na maandishi ya Kijerumani ambayo karani aliyasoma kinyume kwa taabu, akitutafsiria machache. Mzee hakumhitaji. Aliwaona watu wa msituni, wamevaa ngozi, wana ng'ombe na nyumba za nyasi. Aliwaona wageni wenye kofia za chuma wakija kwa mistari, wakichukua ng'ombe, wakiwachimbisha watu barabara. Wakamfunga mzee mmoja kwenye mti wakamchapa. Hapo Mzee wa Mfereji alipiga magoti juu ya robota na hakukaa tena.

Kisha watu wa msituni wakakusanyika. Mvua ikanyesha, wageni wakakwama kwenye tope na vyuma vyao, na watu wa ngozi wakawatokea kila upande kati ya miti. Mzee alicheka. Nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta na sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga mapaja, akasema kwa Kimeru mambo ambayo siyaandiki. Na upande wa pili wa shuka, sikilizeni, Wazungu nao walikuwa wanapiga makofi na kugonga sakafu kwa viatu. Bohari zima, mbele na nyuma, tulikuwa tunawashangilia watu wale wale.

Mzee akanyamaza ghafla. Akamgeukia karani. "Hawa mbona wanafurahi? Wanaopigwa si wenzao?"

"La, mzee. Hawa wa msituni ndio babu zao Wajerumani. Wale wa chuma ni watu wengine waliowatawala zamani."

Mzee akalirudia shuka kwa macho. Na picha haikungoja. Vita vilipokwisha, likaja kundi la wanakijiji waliokuwa wamewasaidia wageni. Walikuja wameinamisha vichwa, na mikononi wameshika matawi mabichi. Wakapiga magoti mbele ya mkubwa wa msituni. Yule akachukua tawi kwa wa kwanza wao, akamwinua. Shuka halikufika ukutani, na kwenye upenyo nikamwona mama mmoja wa Kizungu akijifuta macho kwa leso.

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameshika mpini wa sime.

Tulipotoka nje nilijitahidi. Nilimwuliza karani yale matawi ni ya nini, akasema maandishi hayakueleza, labda ni ya kumpongeza mshindi, Wazungu hupenda kuvisha washindi majani. "Umesikia, mzee?" nikasema. "Ni ya pongezi. Tena wale ni watu wa kuigiza, wamelipwa wapige magoti."

"Mimi Kijerumani sijui," akasema. "Lakini magoti nayajua."

Gari moshi likaiacha milima ya Usambara nyuma. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Babu zao walichapwa wakalia. Babu zao walipelekewa jani wakalipokea. Wao wanakaa kwenye viti wanalia kwa ajili ya babu zao. Halafu wanakuja kwetu kama watu ambao hawajawahi kusikia." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, lakini siku ile sikuthubutu kumpa methali. Nilikuwa nina hasira kuliko yeye. Nilikuwa nimempa Mjerumani yule udhuru wake kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa niliutaka nirudishiwe.

Nyumbani aliendelea kugawa maji. Zamu ya Bwana wa Mawe ilifika, akamfungulia. Lakini sime sasa aliinoa, na mkewe akaacha kusema habari za sakafu. Alifagia kimya. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, "Ukimkata, watachoma mlima wote." Mzee akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nimekaa."

Vita vyao wenyewe vikaja, Wajerumani kwa Waingereza, na sisi tukabebeshwa tena mizigo. Halafu siku moja wakati wa mvua tukaamka tukasikia Wajerumani wa Arusha wameondoka, na Waingereza wanakaribia. Askari walikuwa wametoweka. Wanawake walitoka njiani kutazama barabara tupu.

Mimi nilikuwa kwa mzee tunazibua mfereji uliojaa majani. Tukamwona mtu anapanda kutoka chini, anafuata maji, anajishika kwenye migomba. Alikuwa Bwana wa Mawe. Ndevu zimemjaa, macho ya njano kwa homa, viatu vile virefu vimepasuka. Wenzake walikuwa wamemwacha na watumishi wake wamekimbia. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelikata kwenye mpaka wa mtu huko chini.

"Maji," akasema kwa Kiswahili.

Mzee akamwonyesha mfereji. "Kunywa. Maji si yangu."

Akalala kifudifudi akanywa. Alipomaliza akapiga magoti, kwa adabu, vizuri kabisa, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Nitasema kweli: niliona utamu. Nilitamani kaka mtu afufuke aone, kisha nitoke mimi na panga langu niwatangulie wote wawili kumkata.

"Nifiche kwenye migomba yako," akasema. "Mpaka Waingereza wapite."

Mzee aliuliza taratibu. "Hilo jani unalijua?"

"Nalijua. Isale. Mtu akikuletea, lazima umsamehe." Akajaribu kutabasamu. "Mimi nimekaa hapa miaka mingi. Desturi zenu zote nazijua."

"Hii ulifundishwa lini?"

"Zamani sana. Nilipofika tu. Mkalimani wangu alinifundisha, kabla hata ya mawe."

Alifikiri anajiokoa. Unaona mtu anachimba kaburi lake, na anakupa jembe umsaidie. Mimi nilirudi nyuma hatua, maana nilijua sime inatoka.

"Siku za mawe," mzee akasema, "kuna mtu alikuletea jani hili. Mtoni."

Bwana wa Mawe alikunja uso, akatafuta kweli kweli kichwani mwake. Hakumpata.

"Walileta wengi," akasema.

Mzee akalichukua jani. Moyo wangu ulishuka, kwa sababu kulichukua ni kusamehe, na aliyeshika isale hapigwi, na mzee kwenye desturi alikuwa kama kwenye maji. Mjerumani akafumba macho akamshukuru Mungu wake. Kisha mzee akainua mguu. Akapangusa tope kwa jani lile, wayo, kisigino, katikati ya vidole, hana haraka. Akabadilisha mguu. Tope la miaka yote lile, jani likawa jeusi mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akamrudishia viganjani, akamkunja vidole juu ya jani.

"Maji nimekupa kwa kuwa si yangu," akamwambia. "Msamaha ni wangu."

"Lakini ni desturi," Mjerumani akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo sikukati. Njia ni hiyo, inapita nyumba zote. Waonyeshe wote jani lako."

Akaenda. Tulisimama juu tukimtazama akiteremka. Desturi zetu zote alizijua isipokuwa hii, maana hakuna mtu wa mlimani aliyekuwa ameifanya kabla ya mzee: isale lenye tope ni neno, na mlima mzima ungelisoma. Alilishika mbele yake kama cheti cha kupitia. Kila mlango aliofika mama alitoka, akalitazama jani, akamtazama yeye, akarudi ndani. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtupia hata neno. Alikwenda hivyo mlango kwa mlango mpaka barabarani, na jioni tukasikia Waingereza wamemwokota ameketi kando ya njia, anatetemeka, jani bado mkononi.

Mzee alinawa mikono kwenye mfereji, akaelekea kwake. Alilivuka jiwe la mlangoni kama siku zote. Mkewe alikuwa amesimama ndani na ufagio tayari, kwa mazoea, akimngoja apite. Mzee akapita, akaketi, akanyoosha miguu karibu na moto. Mama akaitazama sakafu nyuma yake kutoka mlangoni mpaka kwenye kigoda. Kisha akaurudisha ufagio pembeni, akaja kumpakulia loshoro.